Tathmini ya bodi ya plaiwudi yenye filamu, milimita 18, kwa macho ya fundi wa fomu

Bodi ya plaiwudi yenye filamu, ile ya rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi ambayo mafundi wengi huiita marini bodi, ndiyo ninayoishika kila siku katika kazi ya kutengeneza fomu za zege, yaani viunzi vya muda vinavyolishika zege bichi hadi ligande. Tathmini hii inahusu ile ya unene wa milimita 18, kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi za slabu, bimu, nguzo na kuta. Nitangulize hukumu yangu: kwa fundi anayerudia kazi ya aina moja mara nyingi, sijaona kifaa cha mbao kinachoizidi, lakini uso wake ni mdanganyifu. Bodi mbili zinaweza kung'aa sawasawa dukani, moja ikadumu jengo zima na nyingine ikafumuka baada ya kumwagiwa zege mara ya pili, na tofauti yote imo ndani na pembezoni, mahali ambapo mnunuzi asiye fundi hapaangalii.

Magogo humenywa kiwandani kwa kisu kirefu huku yakizungushwa, yakatoa karatasi nyembamba za mti ambazo hukaushwa, hupakwa gundi na kupangwa kwa kupishanisha nyuzi, tabaka moja likielekea urefu na linalofuata likielekea upana, kisha hukandamizwa kwa joto. Idadi ya matabaka huwa witiri ili nyuzi za nyuso zote mbili zielekee upande mmoja na bodi isijikunje. Mwishoni kila uso hufunikwa kwa karatasi iliyolowekwa resini ya fenoli, ambayo ni ya ukoo mmoja na ile plastiki ngumu aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, na karatasi hiyo ikishaiva kwa joto huwa ngozi ngumu isiyoyeyuka. Ngozi hiyo ndiyo filamu, na kazi yake si urembo. Zege bichi ni kali, pH yake hupita 12, nalo huila mbao tupu na gundi dhaifu kidogo kidogo kila linapomwagwa. Filamu huwekwa ili maji na ukali huo vikomee juu.

Filamu zenyewe hutofautiana kwa uzito. Ya kawaida ni ya gramu 120 kwa mita ya mraba, na ile ya kazi ngumu ni ya gramu 220 au zaidi, na tofauti hiyo huonekana si siku ya kwanza bali pale bodi inapokwanguliwa, kukanyagwa na kuburutwa. Hata hivyo sijawahi kuona bodi iliyokufa kwa sababu filamu ya katikati ya uso ililiwa ikaisha kabla ya kitu kingine. Karibu zote hufa kwa maji yaliyoingia pembeni, kwenye mkato wa msumeno au kwenye tundu la msumari.

Mti uliomo ndani ndio unaozigawa bodi hizi katika madaraja. Iliyo bora ni ya mbetula, mti mgumu wa nchi za baridi kama Ufini na Urusi, ambao kwa unene wa milimita 18 hutoa bodi ya matabaka 13, kila tabaka likiwa na takriban milimita 1.4. Ya chini kabisa huwa ya mpopla, mti laini unaokua haraka, ambao hupendwa na viwanda kwa wepesi na unafuu wake. Katikati ziko za mkaratusi, ambazo ni ngumu kuliko mpopla ingawa hupinda kwa urahisi zisipokaushwa vizuri, na ziko za mchanganyiko, ambazo huwekwa mti mgumu nje na laini ndani. Mizani ya kwanza ya fundi ni mikono yake. Bodi ya mbetula ya milimita 1220 kwa 2440 hukaribia kilo 36, na mtu mmoja akiibeba peke yake kwenye ngazi atajuta kabla hajafika juu, ilhali ile ya mpopla huwa chini ya kilo 30. Ukiambiwa ni mti mgumu na ukaiinua bila kukaza mgongo, uliza tena.

Mizani ya pili, na yenye maana zaidi, ni ukingo. Kiwanda chema hupaka kingo zote nne rangi ya kuzuia maji kabla ya kufunga shehena, na kwa bahati mbaya rangi hiyo hiyo ndiyo inayoficha uovu. Eneo moja la kazi tuliletewa bodi zenye kingo zilizopakwa rangi nyekundu nzito kama tope, nyuso zikiwa safi kama kioo. Nilikwangua kidogo kwa ncha ya kisu kwenye pembe ya bodi moja, na chini ya rangi nikakuta matabaka ya ndani yameungwaungwa kwa vipande vifupi, mapengo kati yake yamezibwa kwa lahamu ya unga wa mbao, na sehemu moja kisu kikazama bila kugusa kitu. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alishikilia kwamba filamu ni ile ile na kwamba ndani hakuna anayeangalia. Ratiba ilikuwa inabana, mwenye kazi akazikubali, na slabu ya kwanza ilipofunguliwa zilionekana alama za mistari iliyovimba chini ya filamu, kama mishipa, pale tu vipande vya ndani vilipokutana. Slabu ya pili, mistari hiyo ikahamia kwenye dari la zege. Lipu iliyotumika kusawazisha dari hilo ilifuta kila nafuu iliyopatikana kwenye bei.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayenunua ni kuomba bodi moja ikatwe mbele yake, ikatwe katikati na si pembeni, kisha autazame mkato huo kwenye mwanga. Matabaka yaende sambamba, yasipandane. Pengo dogo hapa na pale linavumilika, lakini mapengo yaliyopangana moja juu ya jingine ni kasoro isiyo na dawa. Kugonga kwa kifundo cha kidole nako husaidia, kwa sababu sehemu iliyo tupu ndani hutoa mlio wa debe. Muuzaji atakayekataa kukata bodi moja katika shehena kubwa amekwisha kukupa jibu.

Kuhusu gundi, macho hayatoshi. Gundi ya fenoli, ambayo ndiyo inayostahili kazi ya zege, huonekana kama mstari wa kahawia ya giza kati ya matabaka, na gundi ya melamini huwa nyeupe au haina rangi, lakini rangi inaweza kuigizwa. Alama ya WBP, yaani gundi inayostahimili hali ya hewa na maji yanayochemka, iliyogongwa mgongoni ina maana tu kama aliyeigonga ni mkweli. Kipimo kinachotumika katika viwango vya Ulaya kwa plaiwudi ya nje, yaani EN 314, kina njia ambayo fundi anaweza kuifuata kwa kiasi bila maabara: kipande huchemshwa saa 4, hukaushwa kwa joto la nyuzi 60 kwa saa 16 hadi 20, huchemshwa tena saa 4, kisha hupozwa ndani ya maji, na njia nyingine ni kukichemsha mfululizo kwa saa 72. Maabara hupima baada ya hapo nguvu ya kuvunja gundi kwa mashine. Fundi hana mashine hiyo, lakini ana patasi. Ingiza patasi kati ya matabaka ya kipande kilichochemshwa na ukipindue. Kikiachana kikavu na laini kama kurasa za kitabu, gundi ndiyo iliyoshindwa, na kikichanika huku nyuzi za mti zimeng'ang'ania pande zote mbili, mti ndio ulioshindwa kabla ya gundi, na hiyo ndiyo bodi ya kuchukua. Sufuria ya zamani na moto wa vipande vya mbao tupu vya eneo la kazi vinatosha.

Sasa niingie kwenye uwezo wake wa kubeba. Zege lenye nondo lina uzito wa karibu kilo 2,500 kwa mita moja ya ujazo, hivyo slabu ya unene wa milimita 150 hukaa juu ya fomu kwa kilo 375 kwa kila mita ya mraba kabla hujahesabu wamwagaji, mikokoteni na lundo la zege linalomwagwa mahali pamoja. Kwenye nguzo hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa zege bichi husukuma pembeni kama maji mazito: nguzo ya mita 3 ikijazwa haraka, msukumo wa chini kabisa unaweza kukaribia kilo 7,500 kwa mita ya mraba. Hakuna bodi ya milimita 18 inayostahimili hayo peke yake. Nguvu ya fomu inatokana na mbao za mgongoni, mikanda ya nguzo na mirunda au propu, na bodi ni ngozi tu inayovuka nafasi kati ya ubao na ubao. Lakini ndani ya nafasi hiyo unene una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa ukinzani wa kupinda huongezeka kwa mchemraba wa unene: bodi ya milimita 18 ni ngumu kupinda mara tatu na zaidi kuliko ya milimita 12 ya mti ule ule. Anayenunua ya 12 kwa ajili ya slabu ili apunguze gharama hulazimika kusogeza mbao za chini karibu karibu, na akiziacha mbali atapata dari lenye matumbo.

Vipimo vya bodi hii vimenifurahisha tangu zamani kwa jambo moja la kikazi. Milimita 1220 na 2440 zote hugawanyika kwa 305, hivyo mbao za mbili kwa nne zikipangwa kwa umbali huo kutoka katikati hadi katikati, kila kiungo cha bodi huangukia juu ya ubao bila kukata chochote, na umbali huo unatosha kwa slabu za kawaida za nyumba. Zingatia mwelekeo wa nyuzi za uso: ziende kuvuka mbao za chini, zisiende sambamba nazo, kwa sababu bodi ina nguvu zaidi upande huo, na katika bodi zenye matabaka machache mazito tofauti hiyo ni kubwa mno. Kuna viwanda vinavyotoa ukubwa wa 1250 kwa 2500, na shehena mbili za ukubwa tofauti zikichanganywa eneo moja, ile tofauti ya milimita 30 huvuruga mpangilio mzima kuanzia bodi ya pili. Unene nao hauaminiki kabisa. Bodi iliyoandikwa 18 huweza kupungua kwa nusu milimita au zaidi, na bodi za viwanda viwili zikikutanishwa huacha ngazi ndogo kwenye kiungo, ngazi ambayo utaiona vizuri zaidi taa zitakapowashwa ndani ya nyumba. Mimi huzipima kwa kalipa na kuzipanga kwa makundi kabla ya kupanda juu.

Mkato ndio mahali ambapo fundi mwenyewe huamua umri wa bodi. Msumeno wa sahani wenye meno mengi na makali, uliowekwa ili sahani itokeze kidogo tu chini ya bodi, huacha mkato safi; msumeno mkuukuu huing'oa filamu vipande vipande na kuacha mdomo ulio wazi kwa maji. Mkato wowote, hata ukiwa safi namna gani, ni ukingo usio na ulinzi, na lazima upakwe rangi kabla ya zege kufika, ikiwezekana mara mbili, ya kwanza ikinywewa na mti na ya pili ikikaa juu. Rangi ya akriliki ya kingo ni nzuri, na ikikosekana rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo inafaa kuliko kutopaka kabisa. Hili ndilo jambo ninalogombana nalo zaidi kwenye maeneo ya kazi, kwa sababu hufanywa jioni, watu wamechoka, na matokeo ya kuliacha hayaonekani kesho yake. Huonekana bodi inapofunguliwa na kukutwa ukingo umevimba hadi milimita 20 wakati katikati bado ni 18. Bodi ya namna hiyo haikutani tena vizuri na jirani yake; mwanya hubaki, uji wa saruji huvuja, na pale ulipovujia zege hubaki kokoto tupu zenye matundu kama sega la nyuki.

Matundu ya drili kwa ajili ya taironi za kuta, zile fimbo za chuma zinazofunga pande mbili za fomu zisiachane, yatendewe vivyo hivyo, yatobolewe kutokea upande wa uso unaogusa zege ili filamu isipasuke, yakiwa na kipande cha mbao nyuma, kisha yapakwe rangi ndani kwa brashi nyembamba. Kwa misumari, kanuni yangu ni kutumia michache kadiri inavyowezekana. Kwenye slabu bodi hulazwa, hivyo misumari miwili mitatu midogo kwenye pembe inatosha kuizuia isisogee, wala haina sababu ya kupigiliwa kama mlango. Kwenye vipande vya nguzo na bimu vitakavyorudiwa, skurubu zinazoingia kutokea mgongoni, kupitia ubao hadi ndani ya bodi bila kutokeza usoni, huacha filamu ikiwa nzima na hufunguliwa bila mtaimbo.

Jambo la mafuta ya kupaka fomu linazungumzwa sana na kufanywa vibaya. Oili chafu ya magari bado inatumika kila mahali kwa sababu inapatikana, nayo huitendea bodi hii dhuluma ndogo na zege dhuluma kubwa: huacha madoa meusi, hufanya lipu isishike, na ikidondokea nondo huharibu mshikamano wa chuma na zege, ambao ndio msingi wa kazi nzima. Mafuta maalumu ya fomu hufanya kazi kwa namna nyingine, kwani huungana na chokaa iliyomo kwenye zege na kutengeneza utando mwembamba wa sabuni unaoachanisha nyuso hizo mbili. Filamu haina matundu ya kunywa mafuta, kwa hiyo kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Hupakwa kwa bomba la kupulizia au kitambaa, kinachozidi hupanguswa, na kazi hiyo hukamilika kabla ya nondo kulazwa. Ukipitisha kidole na kikaacha mfereji, umeweka mengi, na mengi huleta vishimo vya hewa kwenye uso wa nguzo.

Wakati wa kumwaga, adui wa filamu ni vibreta, mashine ya kutetemesha zege ili lishikamane. Kichwa cha chuma kikiachwa kiguse bodi na kutetemeka hapo, huchimba shimo la mviringo ambalo litajichapa kwenye zege la leo na la kila siku itakayofuata. Kichwa kivikwe mpira, na mshikaji aambiwe mapema akiweke umbali wa kiganja kutoka kwenye fomu. Nondo nazo zisiburutwe juu ya bodi, na vipande vya waya wa kufungia viokotwe au vipeperushwe kwa hewa kabla ya zege, kwa kuwa vikibaki huleta kutu chini ya slabu na mikwaruzo kwenye filamu.

Kufungua ndiko kunakoonyesha kama ulinunua vizuri. Kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 8110, kwa joto la nyuzi 16 na zaidi kiliweka saa 12 kwa pande za wima, siku 4 kwa bodi za chini ya slabu na siku 10 kwa vihimili vya slabu, na ingawa mwenye neno la mwisho ni mhandisi na vipimo vyake vya zege, mfano huo unaonyesha faida ambayo wengi huipoteza. Ikiwa propu za kubaki zimepangwa tangu mwanzo na vipande vyao vyembamba vya bodi juu, bodi kubwa zinaweza kushuka mapema na kwenda kazi nyingine huku slabu ikiendelea kubebwa. Zikipangwa ovyo, kila bodi inabanwa na propu inayopaswa kukaa, na mtaji wako unalala juu ya mirunda kwa siku zote 10. Kuziondoa propu na kuzirudisha baadaye si dawa, kwa sababu slabu changa huwa imekwisha kulala.

Bodi njema iliyopakwa mafuta kwa kiasi huachana na zege yenyewe. Hulegezwa kabari, bodi hushuka kidogo upande mmoja, na mara nyingi husikika mlio wa kubanduka kabla hujaigusa. Isipobanduka, kabari ya mbao inaingizwa kwenye kiungo na kugongwa taratibu. Mtaimbo wa chuma uliosimikwa kati ya zege na bodi huharibu pande zote mbili, na bodi kuangushwa kutoka juu ili ifike chini haraka huvunja pembe, ambazo ndizo sehemu ngumu kuliko zote kutengeneza. Baada ya hapo bodi husafishwa siku ile ile, saruji ikiwa bado changa, kwa kikwangulio cha plastiki au mbao na maji. Saruji ikiachwa wiki moja itahitaji chuma, na chuma kitaondoka na filamu.

Uso wa zege unaopatikana ni sababu kubwa ya mimi kuipa bodi hii alama za juu. Hutoka laini, wenye mng'ao kidogo, na viungo vikikazwa vizuri dari linaweza kupakwa rangi kwa matayarisho machache bila lipu nene. Mbao za kawaida za kupasuliwa haziwezi hilo. Huacha alama za nyuzi, huvuja kwenye kila kiungo, hunywa maji ya zege, na zikiwa mpya sukari ya mti hutoka na kuchelewesha saruji kushika, hata uso ukabaki na unga unaofutika kwa mkono. Hata hivyo sizidharau. Kwa msingi, kwa kazi ndogo ya mara moja, na kwa mahali penye kona na mipindo mingi ambapo bodi nzima ingeishia kuwa vipande, mbao za kupasuliwa zina akili zaidi, na zikimaliza zinageuzwa kuwa kitu kingine. Fomu za chuma hudumu kuliko bodi yoyote na hufaa nguzo zinazofanana kwa wingi, ila ni nzito na hazikubali kukatwa ramani inapobadilika.

Wauzaji hutaja makumi ya matumizi kwa bodi za mbetula na chini ya kumi kwa za mpopla. Hesabu hizo hazinishangazi, ila huzichukulia kuwa za bodi isiyokatwa, iliyopakwa kingo na kuoshwa kila mara, yaani bodi ambayo ni nadra kuiona. Anayepanga bajeti ahesabu kidogo kuliko alivyoambiwa, na ajue kwamba bodi hiyo hiyo itaanza kwenye dari linaloonekana, ishuke daraja hadi kwenye bimu zitakazopigwa lipu, kisha imalizie kwenye msingi.

Kasoro moja ya usalama haitajwi vya kutosha: filamu huteleza. Asubuhi yenye umande, au mara tu baada ya mafuta kupulizwa, slabu iliyotandikwa bodi hizi ni hatari kwa anayebeba nondo begani, hasa karibu na kingo zisizo na uzio. Zipo bodi zenye uso mmoja wa wavu zisizoteleza, lakini hizo ni za kukanyagia kwenye jukwaa, si za kugusa zege. Vumbi la kukata nalo lina resini na gundi, hivyo barakoa na miwani vivaliwe hata kama mkato ni mmoja.

Zihifadhiwe zikiwa zimelala juu ya vipande vya mbao vilivyo sawa, uso kwa uso, zikifunikwa kwa juu lakini pembeni hewa ipite. Zikisimamishwa kwa kuegemezwa ukutani hupinda, na bodi iliyopinda hainyooki tena. Zilizochakaa kabisa hufaa kufunikia mashimo na matofali au kuwekewa njia ya mikokoteni. Zisigeuzwe kuni za kupikia, kwa maana moshi wa filamu na gundi una sumu, na wapishi wa eneo la kazi waambiwe hivyo waziwazi, kwa sababu mabaki yake huwaka vizuri na hutamanika.